Mama wa Kwenye Cheti

Ule ulikuwa mwaka wa michembe. Mimi tarehe hazikai kichwani, ila tulichokula nakikumbuka. Mahindi yalinyauka hayajafika hata magotini, unga ukawa kitu cha kuulizia na kupita. Asubuhi tulichemsha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa kama kokoto, tukashushia na chai ya rangi. Mchana michembe tena, na karanga kama karanga zipo. Jioni mapanki. Kiwanda cha samaki kikishachuna minofu ya sangara ya kupeleka ng'ambo, kinachobaki ni kichwa, mgongo na mkia, na hicho ndicho chetu. Mimi nimekaanga mapanki kando ya barabara tangu mume wangu afariki, mpaka macho yangu yamezoea moshi kuliko jua. Huku kwenye vilima vya Ilemela kila nyumba ina jiwe lake kubwa la kuanikia, na mwaka huo kila jiwe lilikuwa jeupe kwa michembe, na mbuzi wa watu walifukuzwa kutwa nzima kwa wizi.

Mwaka huo ndio mjukuu wangu aliomba chuo.

Ana selimundu. Ni ugonjwa wa damu, alizaliwa nao. Daktari alinichorea kwenye karatasi: damu ya mtu mzima wa afya ni duara, ya kwake inapinda kama mundu. Ikipinda inakwama, na ikikwama mtoto analia mifupa. Wewe uliyewahi kuumwa jino, chukua jino hilo uliweke kwenye kila kiungo, ndipo utajua kidogo. Nimembeba mgongoni kwenda hospitali akiwa mdogo, nimembeba akiwa mkubwa kuliko mimi. Magoti yangu haya yaliyokufa, usidhani yalikufa kwa uzee tu.

Kidato cha tano alikisoma nusu darasani na nusu wodini. Cha sita hivyo hivyo. Mtihani wa Kemia wa vitendo ulimkuta mkono wa kulia umevimba, akashika vile vichupa kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake mmoja alimshauri aahirishe. Akakataa. Alisema akiahirisha, mwakani ugonjwa nao utakuwa umeahirisha, utamngoja pale pale mlangoni.

Matokeo yalipotoka aliyaona kwenye simu, amekaa juu ya jiwe, mimi nageuza michembe.

"Baiolojia B," akasema. Akasogeza kidole kwenye kioo. "Fizikia D. Kemia D."

"D ni nini?"

"D ni ya daktari, Bibi."

"Basi wewe ni madaktari wawili."

Tukacheka. Kilikuwa kicheko kifupi. Kutaka udaktari hakukuanza jana kwa huyu mtoto. Wenzake wanawaogopa madaktari, yeye tangu mdogo alikuwa anawauliza maswali mpaka wanakimbia wao. Na mimi, nisifiche, nilikuwa nimeshajisifu kwa majirani. Nilimwita daktari mbele za watu hajamaliza hata darasa la saba.

Jirani yangu ni Mhaya, mjane kama mimi. Amesomesha wanawe wote na hakuachi usahau. Jioni hiyo akaja na sahani ya ndizi, Mungu ambariki, maana tulikuwa tumechoka michembe.

"Nyie Wasukuma mnahesabu ng'ombe," akaniambia, "sisi tunahesabu digrii."

"Hesabuni tu. Digrii haina maziwa."

Akacheka, kisha akamgeukia mtoto, sauti ikabadilika. Akasema kipo chuo kimoja cha udaktari huko pwani, mwanawe mmoja alisoma hapo. Kinachukua wachache mno, watoto wa A tupu. Ila kinatenga nafasi chache kwa watoto ambao alama zao zimeshushwa na shida zinazoeleweka. Mtoto anaandika barua ya kujieleza, anaambatanisha vyeti vyake na ushahidi wa shida yake. Wakimkubali, wanamsomesha na kumtibu.

"Na kumtibu?" nikauliza.

"Na kumtibu. Hospitali ni ya kwao wenyewe."

Mjukuu wangu aliacha kula. Akasema nusu ya ndizi yake niile mimi. Nikajua ameshakwenda huko moyoni, na kumrudisha itakuwa kazi.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, la sivyo mengine hayataeleweka. Binti yangu alimzaa huyu mtoto akiwa nyumbani, hajaolewa. Aliyempa mimba tulimjua. Wazee walikwenda kwao, wakanyweshwa togwa wakapewa maneno, wakarudi. Ng'ombe wa mahari hawakuja. Kwetu Usukumani ng'ombe wasipokuja mtoto ni wa nyumba ya mama yake, anaitwa kwa jina la babu yake, na babu ndiye baba. Si huruma, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mume wangu alipokwenda kumwandikisha, karani akauliza baba wa mtoto ni nani. Akasema, mimi. Mama? Akanitaja mimi mkewe. Binti yangu alikuwa pale pale kwenye benchi ananyonyesha, wala hakushtuka. Cheti kikatoka: baba, mume wangu, mama, mimi. Ukizifuata zile karatasi, mama aliyemzaa huyu mtoto ni dada yake wa tumbo moja.

Hakuna aliyedanganya. Karani aliuliza swali la serikali, mume wangu akajibu jibu la nyumbani.

Binti yangu alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Mume wangu alifariki mtoto akiwa kidato cha kwanza. Vyeti vyao vya vifo nimevifunga kwenye mfuko wa nailoni, nimeviweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Mtoto nikabaki naye mimi. Shuleni nikaandikwa mama, hospitali nikaandikwa mama, na mwenyewe ananiita Bibi. Hatukuwahi kuona tatizo.

Tatizo tulilikuta mjini, Nyamagana, kwenye steshenari. Tulikwenda watatu: mimi, mjukuu wangu, na mjomba wake, yaani mwanangu wa mwisho, ambaye ni mwalimu wa sekondari upande wa Sengerema. Alivuka maji kuja kutusaidia, maana maombi yote sasa ni ya kwenye kompyuta. Dada wa steshenari alikuwa na kucha ndefu, lakini vidole vyake vilikimbia kama kuku anayedonoa. Anauliza, anabonyeza, anauliza.

"Baba?"

"Amefariki," mjukuu wangu akajibu.

"Cheti cha kifo kipo? Kipo. Mama? Yuko hai au amefariki?"

Mjukuu wangu akanitazama mimi. Mjomba wake akaitazama feni ya darini.

"Mama yupi?" nikauliza.

Dada akageuka na kiti chake. "Kwani anao wangapi, bibi?"

Mwanangu akamweleza. Alieleza vizuri, kama mwalimu, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa yule dada ulivyokuwa unakunjamana. Mwisho akasema kwa kompyuta hii mtoto ana mama mzima, kwa hiyo si yatima. Ni mtoto wa mjane mwenye biashara.

"Biashara gani?" nikauliza.

"Si umesema unauza samaki?"

"Nauza mifupa ya samaki, mwanangu. Nyama wanakula wazungu."

Akacheka mpaka akaidondosha kalamu iliyokuwa mdomoni. Lakini mwanangu hakucheka. Akasema hizi nafasi zina ushindani mkubwa, wagonjwa ni wengi, maskini ni wengi, kinachombeba mtoto ni uyatima wa pande zote mbili. Nikamwambia basi twende tukarekebishe cheti, tuseme kweli ya kuzaa. Alikuwa ameshaulizia. Kinatakiwa kiapo mahakamani, kisha cheti kipya, kisha vyeti vya shule vyote vifuate, na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa. Tena wangeuliza: kama babu si baba, baba ni nani? Ina maana tukamtafute yule wa togwa na maneno, aje aandikwe baba wa mtoto ambaye hajawahi hata kumnunulia kalamu.

Ndipo dada wa steshenari akashusha sauti. Akasema wala haina haja ya kuhangaika. Cheti cha kifo cha binti tunacho. Jina la mwisho la binti na langu ni moja, la mume wangu. Tofauti ni jina la kwanza tu. Yeye atakipiga picha, atalifuta la binti, ataweka langu. Hakuna atakayejua.

Mwanangu akasema, "Mama, ni karatasi tu."

Nikauliza, "Halafu mlezi atakayesaini ni nani?"

"Wewe. Utasaini kama bibi."

"Kwa hiyo nife kama mama, nifufuke kama bibi, nishike kalamu."

"Pasaka imewahi mwaka huu," akasema yule dada.

Hata mimi nilicheka, sikatai. Lakini mkono wake ulikuwa tayari juu ya ule mfuko wangu wa nailoni, unavuta cheti cha binti yangu. Nikauweka wangu juu yake. Nikasema:

"Mimi sijafa, na hamtaniandika nimekufa."

Nilisema kwa sauti ya barabarani, ile ya kuitia wateja, na waliokuwa kwenye foleni ya kutoa kopi wakageuka wote. Mwanangu aliona aibu. Yule dada akaondoa mkono, akarudi kwenye kompyuta, akauliza tena kama vile hajawahi kuuliza. Mama? Mjukuu wangu akajibu mwenyewe, polepole: "Yuko hai." Kidole kikadonoa. Tukaenda kwenye sehemu nyingine ya fomu.

Barua ya kujieleza aliiandika nyumbani. Alinisomea. Aliandika selimundu, aliandika mkono wa kushoto na vile vichupa, aliandika kwamba aliyeandikwa mama kwenye cheti chake ni bibi yake na sababu ni ng'ombe. Nilimwambia hapo kwenye ng'ombe watu wa pwani hawataelewa. Akasema atawaeleza, akaongeza mistari. Iliponoga alinisomea tena, nikamwambia iko sawa, ingawa palikuwa na maneno marefu sikuyajua.

Siku ya kurudi kwake nilimsindikiza mwanangu, na njiani hakusema na mimi. Stendi ndipo aliponigeukia. "Shikamoo, Mama, naenda," akasema. "Mtoto akikosa, usiseme ni Kemia."

"Marahaba," nikamjibu. Ningejibu nini kingine?

Tukangoja. Kungoja nako kuna uchovu wake, unakaanga, unafunga samaki kwenye gazeti, unarudisha chenji, na ndani unangoja. Jirani alikuwa anapita kila jioni. "Bado?" "Bado." Ikafika siku akaacha kuuliza, akawa anapita tu na kukohoa. Wakati huo huo yalikuja majibu ya chuo kingine alichoomba, hapa hapa Mwanza, cha utabibu ngazi ya stashahada. Hicho kilimkubali bila maneno mengi. Mjukuu wangu alisema asante, kama mtu aliyepewa uji wakati harufu ya pilau inatoka kwa jirani.

Majibu ya chuo cha pwani yalikuja kwenye simu, mistari miwili. Hakuchaguliwa awamu ya kwanza. Awamu ya pili imefunguliwa, anaruhusiwa kuomba tena kwa fomu mpya, ya kwanza haiangaliwi tena. Nafasi zilizobaki za wenye shida, kipaumbele ni yatima wa wazazi wote wawili. Hayo ya mwisho alinisomea bila kuniangalia.

Nilikwenda kugeuza michembe ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Siku zile zile mvua ya kwanza ikashuka, kwa hasira, upepo wa ziwa ukiisukuma ubavuni. Tulikuwa na michembe imetandazwa jiwe zima, chakula chetu cha miezi. Ikilowa inaota ukungu, unaitupa. Magoti yangu hayapandi jiwe lililolowa. Nikapiga kelele asiende. Alikwenda. Aliikusanya yote kwenye turubai, akashuka nayo kichwani, meno yanagongana, nguo zimemganda mwilini. Nilimkausha, nilimfunika, nilimwashia mkaa. Baridi ndiyo adui wa damu yake, tunajua sote wawili. Kabla hakujapambazuka miguu ilianza.

Wodini tulikaa siku nyingi. Alikuwa halii, anauma shuka. Nesi akaja na faili, akasoma jina langu lote kwa sauti, akauliza, "Mama mzazi wa mgonjwa yuko wapi? Anahitaji kuongezewa damu, tunataka sahihi."

"Mimi hapa."

Akanitazama kichwani, kwenye mvi, akashuka mpaka miguuni. "Wewe ndiye mama yake?"

"Nilichelewa kuzaa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, mjukuu wangu naye akacheka akaumia, akasema, "Bibi, usinichekeshe." Nesi akasikia ile Bibi, akatikisa kichwa, akanipa kalamu. Nikasaini. Jina langu naliandika taratibu, lakini naliandika lote. Damu ikaja.

Tulipotoka, mwanangu alikuwa ametangulia nyumbani anatungoja. Alikuwa amechemsha hata chai. Nikajua kuna jambo, maana huyo hachemshi chai.

Alinipa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na cheti cha kifo. Kumbe ile siku ya steshenari alikuwa amepiga picha cheti cha binti yangu, na yule dada wa kucha ndefu ameshafanya kazi yake. Nikavaa miwani, nikasoma kifo changu. Jina langu la kwanza, la mume wangu nyuma yake. Mwanamke. Ugonjwa ulioniua ulikuwa ule ule uliomuua binti yangu. Tarehe ilikuwa ile ile. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimekufa siku ile niliyomshikilia binti yangu mkono mpaka ukapoa. Binti mwenyewe nikamtafuta mle ndani, juu mpaka chini. Hayumo. Walikuwa wamemtoa ili mimi nipate nafasi.

"Haijatumwa," mwanangu akasema. "Nisingetuma bila wewe. Dirisha linafungwa kesho. Sahihi yako ya mlezi ndiyo inayotakiwa."

Nilitegemea mjukuu wangu atatuachia wakubwa tuongee, kama siku ya steshenari. Hakutuachia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, bado ana plasta ya sindano mkononi.

"Bibi, nimechoka," akasema. "Nimechoka kueleza. Niliwaandikia kweli yote, mpaka ng'ombe, na hawakunichukua. Tabibu nitakuwa, sawa, lakini nitasimama nyuma ya daktari maisha yangu yote nikimwambia anachopaswa kuona. Na huko wangenitibu. Wewe ungepumzika kunibeba. Mungu anajua uko hai. Mimi najua. Hao wa pwani hawakujui, kwao ufe au uishi ni sawa tu. Nikubalie."

Hajawahi kuniomba kitu kwa namna ile. Hata dawa haombi hivyo. Nilitamani kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nilimwona amevaa koti jeupe, nikamwona jirani yangu na digrii zake amenyamaza, nikajiona mimi nimekaa, nimekaa tu, bila kungoja mtu aite jina langu wodini.

Nikamwambia mapanki nitakaanga mpaka mafuta yanikatae. Nikamwambia mwakani aombe tena na mwaka utakaofuata aombe tena, na kila mara nitakwenda naye Nyamagana kwa magoti haya haya, na kama ni kiapo cha mahakamani tutaanza kesho, hata yule wa togwa na maneno nitamfuata mwenyewe kwake nikae mlangoni. Nikamwambia utabibu aende, asikalie nyumbani. Yote hayo alikuwa anayasikia huku anatazama simu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mama," mwanangu akasema, "hayo yote ni ya mwakani. Sisi tunaongea ya kesho. Neno moja tu."

"Na siku akilazwa tena," nikamuuliza, "nesi akisoma faili, nani ataitika?"

"Utaitika wewe, Mama. Nani mwingine?"

"Maiti?"

Mjukuu wangu hakulia. Alinitazama vile anavyomtazama nesi aliyeshika sindano, anajua itauma, anangoja iishe. Nilivua miwani. Nikamrudishia mwanangu simu yake.

"Mimi sijafa, na hamtaniandika nimekufa."